"Nilidhani Mnajua": Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kusema na Kunyamaza Kazini

Barua tatu za toleo hili zimetoka Malindi na Amu (mji wa Lamu), pwani ya Kenya, na ingawa waandishi wake hawajuani, wote wameuliza jambo moja kwa milango tofauti. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko zote kwa sababu mwenye kuiandika ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha mambo.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni meneja wa hoteli ndogo ya ufukweni hapa Malindi yenye wafanyakazi 34, nusu yao wakiwa wa msimu. Siku mbili kabla ya mwaka mpya, vyumba vyote vikiwa vimejaa, tulifungua friza ya samaki tukakuta kilo zipatazo 60 za nguru na kamba zimeharibika. Nilipochunguza niligundua kwamba mpira wa mlango wa friza ulikuwa umechanika kwa wiki tatu, na kwamba jiko zima lilikuwa likijua. Kijana anayeosha vyombo alikuwa kila usiku akikunja taulo kuukuu, akilibana kwenye mwanya wa mlango, kisha akiegemeza kreti ya soda ili usiachie. Usiku wa hasara, taulo lilikuwa limekwenda kwa dobi. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alinitazama kwa mshangao wa kweli akasema, "Nilidhani mnajua, madam." Sijapata kumfukuza mtu kwa sababu ya kusema. Mlango wangu u wazi, na tuna sanduku la maoni karibu na kitabu cha mahudhurio. Tulilifungua Aprili iliyopita tukakuta karatasi mbili, ganda la peremende na mjusi aliyekauka. Ni kitu gani hasa humfanya mfanyakazi aseme? Nianze kulipa shilingi 500 kwa kila wazo? Au watu hawa hawaipendi kazi?
Meneja, Malindi

JIBU: Wa alaykum salaam, Bi. Meneja, na pole kwa hasara ambayo najua haikuishia kwenye samaki, kwa kuwa mgeni aliyeahidiwa kamba akaletewa kuku huwa hanyamazi kama kijana wako.

Naomba tuanze na lile taulo. Mtu asiyeipenda kazi hakunji taulo kila usiku kwa wiki tatu. Huufunga mlango kwa kisigino akaenda zake. Kijana huyu alikuwa na bidii, alikuwa na akili ya kubuni dawa, na alikuwa na uchungu na mali isiyokuwa yake. Alichokikosa ni sababu ya kuamini kwamba kukufikishia habari kungekuwa kwepesi kuliko kukunja taulo. Kwa hiyo swali lako la mwisho nimekwisha kulijibu, nawe usilirudie mbele yao, maana ndilo swali linaloumiza kuliko yote ukiulizwa na mtu ambaye mali yake ulikuwa ukiilinda.

Kabla mfanyakazi hajafungua mdomo, hupima mambo mawili moyoni, mara nyingi bila kujua kwamba anapima: nikisema kutabadilika nini, na nikisema nitapatwa na nini. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Morrison na Frances Milliken, waliandika juu ya ukimya unaotanda mahali pazima pa kazi, wakasema kwamba unatokana na imani mbili wanazoambukizana wafanyakazi: kwamba kusema hakufai kitu, na kwamba kusema kuna hatari. Mameneja wengi wanaoniandikia huishughulikia hatari peke yake. Husema, kama ulivyosema wewe, "sijapata kumfukuza mtu." Lakini kwa barua ninazopokea, hasa za watu wa jikoni, wa vyumba na wa bustani, imani ya kwanza ndiyo nzito zaidi. Hawaogopi sana, wamechoka tu kusema kitu kikapotea. Nina shaka kubwa kwamba kijana wako, au mwenzake, alimwambia msimamizi wa jiko katika juma la kwanza, akajibiwa "tumesikia," na "tumesikia" ile ikafia pale pale kwenye jiko la gesi. Ndipo "mnajua" yake inapopata maana. Hakusema "unajua," madam; alisema "mnajua." Kwake yeye wakubwa wote ni kitu kimoja, na habari iliyomfikia mmoja wenu imewafikia nyote. Muulize msimamizi, lakini muulize kwa upole, kwa sababu naye pia ni mfanyakazi na naye pia anapima.

Nikirudi kwenye hatari, haina lazima ya kuwa barua ya kufukuzwa. Nilipokuwa kijana nilikuwa karani wa mapokezi katika nyumba moja ya wageni huko Amu. Siku moja katika kikao, mwenzetu wa kufulia, mtu mpole aliyekuwa haongei ila kwa kuulizwa, alisema kwamba pampu ya maji inachoka kwa sababu inawashwa adhuhuri wakati nyumba zote za mtaa zinavuta maji, na kwamba ingefaa iwashwe alfajiri. Bosi alicheka, akasema, "Alhamdulillahi, leo tumepata injinia." Tukacheka sote, na mimi nikiwemo. Tangu siku ile jina lake likawa Injinia. Balbu ikiungua, "mwiteni Injinia"; chai ikikosa sukari, "Injinia anasemaje?" Hakukatwa mshahara wala hakupewa onyo, na bosi yule akiulizwa leo ataapa kwamba hakumdhuru mtu. Lakini kwa muda wa miaka miwili niliyobaki pale, sikumbuki mtu mwingine aliyeinua mkono katika kikao, na pampu iliungua ndani ya Ramadhani tukawa tunachota maji kwa ndoo hadi ghorofa ya pili.

Waswahili husema, ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Sijui msemo mwingine unaoeleza vizuri zaidi namna wafanyakazi wanavyojifunza kunyamaza. Hawasomi kanuni zako wala hawautazami mlango wako kama u wazi au umefungwa. Wanamtazama aliyesema kabla yao: alijibiwa nini, kwa sura gani, na baada ya mwezi yuko wapi. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, kabla ya fedha na kabla ya sanduku, ni kumtafuta mtu wa mwisho aliyesema jambo lisilopendeza hotelini mwako na kujua habari yake ilivyokwisha. Kama humkumbuki, wao wanamkumbuka.

Kuna uchunguzi unaokuhusu kwa karibu, kwa kuwa ulifanywa katika mikahawa. James Detert na Ethan Burris walichapisha mwaka 2007 matokeo yao kutoka kwa wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa kampuni moja ya mikahawa huko Marekani, pamoja na mameneja wao. Walikuta kwamba watu husema zaidi pale meneja anapoonekana kweli kuwa tayari kusikiliza na kufanyia kazi anachosikia, na kwamba tabia hiyo ya meneja huwagusa zaidi wale wafanyakazi walio bora. Hapo natua kidogo. Tumezoea kudhani kwamba mfanyakazi hodari atasema tu, hata akute nini, na kwamba anayehitaji kubembelezwa ni yule mlegevu. Inaelekea si hivyo. Hodari ndiye anayesoma uso wako kwa makini zaidi, pengine kwa sababu ana mengi ya kusema na ana jina la kupoteza. Nawe ukimkunjia uso mara moja unapoteza macho mazuri kuliko yote uliyo nayo.

Halafu kuna mambo ya kwetu ambayo watafiti wa mbali hawawezi kukuandikia. La kwanza ni msimu. Nusu ya watu wako wanajua kwamba masika ikiingia watarudishwa nyumbani, na kwamba kuitwa tena Julai ni hiari yako. Mtu wa namna hiyo hulipa kwa ukimya ili jina lake libaki kwenye orodha. Huwezi kumwambia "sema bila woga" huku orodha ya kuitwa ikiandikwa gizani. Mpe mkataba wenye tarehe, mweleze mapema ni vigezo gani vitatumika kumrudisha, na kumbuka kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, haikuruhusu kumweka mtu kibarua bila mwisho: akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, anahesabiwa kuwa na mkataba.

La pili ni lugha. Malindi tunajisifu kwa Kiitaliano cha vijana wetu, nasi tuna haki ya kujisifu, kwa kuwa wengi wamekiokota kwa masikio peke yake. Lakini Kiitaliano cha kumkaribisha mgeni si Kiitaliano cha kumpinga mwenye hoteli. Kijana anaweza kueleza habari za samaki aina kumi bila kukwama, ukamtaka aseme mbele ya mwenye mali kwamba waya wa jokofu umechunika ukamwona anatabasamu tu. Ikiwa vikao vyako vinafanywa kwa lugha ya mwenye mali, hiyo peke yake inatosha kueleza ukimya wa meza nzima.

La tatu ni heshima, na hapa sikubaliani na wanaosema kwamba mila zetu ndizo zinazotuziba midomo. Mila zetu zina njia nyingi za kumwambia mkubwa jambo lisilopendeza: anavutwa kando, anatumiwa mtu wa makamo yake, linatangulizwa neno la "samahani, mzee wangu." Zisichokitaka ni kumtahayarisha mtu hadharani. Kikao cha watu 34, meneja amesimama mbele akiuliza "nani ana la kusema?" ni njia ya kigeni kwa mtu wa huku, nawe usishangae ikikupa kimya. Kaa na watu watatu watatu wakati wa chai ya saa nne, kwenye benchi lao wala si ofisini mwako, uulize swali lenye mwili: ni kitu gani humu jikoni mnakifanyia dawa kila siku ambacho hamkupaswa kukifanyia dawa? Swali hilo lingelitoa taulo siku ya kwanza. Na hakikisha kwamba atakayejibu hataitwa kimbelembele, jambo ambalo halizuiliki kwa tangazo. Huzuilika pale kusema kunapokuwa sehemu ya kazi ya mtu.

Nitaeleza ninachokusudia. Jahazi linapoingia maji madogo, baharia mmoja husimama omo, mbele ya chombo, na bildi ya kupimia kina, akitupa kamba na kuita kina cha maji, na nahodha aliye tezi, huko nyuma, huwa anamsikiliza. Hakuna anayesema baharia yule anajipendekeza, na nahodha hanung'uniki kwamba anaingiliwa. Akinyamaza ndipo atakapogombezwa. Sauti yake imefanywa kuwa kazi yake, kwa hiyo hakuhitaji ushujaa ili aseme. Fanya hivyo jikoni: awepo mtu wa zamu ambaye kila jioni anaandika joto la kila friza na ubovu alioukuta, akatia saini, na karatasi ile ifike mezani kwako, isiishie kwa msimamizi. Tena una chombo kilicho tayari. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa pande zote mbili. Wewe una 34, kwa hiyo si hiari. Friza ya samaki waliooza haiko mbali na usalama wa anayewapika na wa anayewala.

Kuhusu shilingi 500, ningekushauri usianze nazo. Utapata mawazo mengi mepesi, watu watagombana ni nani aliyetangulia kusema, na jambo zito halitakuja, kwa sababu anayeogopa kuharibu uhusiano na msimamizi wake hatautoa uhusiano huo kwa bei hiyo. Ukitaka kumtuza mtu, mtuze baadaye, kwa jambo lililoonekana faida yake, na kwa wote waliolishughulikia. Sanduku nalo, kama ufunguo wake unakaa kwa msimamizi, mjusi ndiye mwenye busara kuliko wote waliolitumia.

Kitu kinachofanya kazi ni jibu. Mtu akisema, ajibiwe ndani ya siku chache, hata kama jibu ni "haiwezekani hadi msimu ujao kwa sababu hii." "Haiwezekani" yenye sababu humrudisha mtu kusema tena, "tumesikia" isiyo na mwisho humfunga. Na kwa kuanzia, tengeneza mpira ule mbele ya macho yao, umwite kijana wako aonyeshe ulipochanika, umshukuru kwa lile taulo mbele ya msimamizi wake, kisha ukiri kwamba wewe ndiye uliyepaswa kuuliza. Najua si jambo jepesi kwa mkubwa. Ndiyo maana wazee wakasema mkubwa ni jaa.

Onyo moja kabla sijakuacha. Ukifanikiwa, malalamiko yataongezeka, nawe utadhani hoteli imeharibika. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, ambaye alikuja kuwa profesa wa Harvard, alichunguza timu za wauguzi akitazamia kwamba timu nzuri zaidi ndizo zitakazokuwa na makosa machache ya dawa. Alikuta kinyume: timu zilizokuwa na uongozi mzuri ndizo zilizoandikiwa makosa mengi. Baadaye alitambua kwamba hazikuwa zikikosea zaidi. Zilikuwa zikiyasema makosa, wakati zile nyingine zikifunika kombe mwanaharamu apite. Mwezi utakaposikia mabaya mengi kuliko mwezi uliopita, usimtafute mchochezi.

SWALI: Mimi ni utingo wa boti ya abiria kati ya Mokowe na Amu. Siku za kawaida mambo huwa sawa, lakini siku za msongamano kama za Maulidi tunapakia watu wengi kuliko jaketi za kuokolea tulizo nazo. Nilimwuliza nahodha, "Hatujazidi kidogo, nahodha?" akanijibu kwamba bahari ameijua kabla sijazaliwa. Safari nyingine mwenye boti alipokuja gatini nikamwambia mbele ya abiria. Tangu siku hiyo zamu zangu zimepungua kutoka siku sita hadi mbili kwa wiki, na wenzangu waliokuwa wakiniambia "sema, sema" hawanisemeshi. Nilikosea? Sheria yanilinda?
Utingo, Amu

JIBU: Mwanangu, kwa ulilolisema hukukosea hata kidogo. Kuhusu namna ulivyolisema, mara ya kwanza ulilegeza mno na mara ya pili ulikaza mno, na yote mawili ni makosa ya mtu ambaye hajafundishwa, yasiyompa mwenye boti ruhusa ya kukunyima riziki.

Neno rubani, kabla halijapaa angani, lilikuwa la baharini, kwa hiyo nitakupa mfano wa marubani. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kwenye kisiwa cha Tenerife cha Uhispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM, shirika la Uholanzi, na moja ya Pan Am, shirika la Marekani, ziligongana katika ukungu zikiwa bado chini, na watu 583 wakafa. Ndege ya KLM ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia ili iruke. Fundi wa ndege aliyekuwa ndani yake alikuwa amesikia maneno ya redio yaliyomtia shaka, akauliza kama ile ya Pan Am ilikuwa bado haijatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye jina kubwa katika shirika lake na mwalimu wa marubani wengine, alijibu kwa mkazo kwamba imetoka. Fundi hakurudia. Zilibaki sekunde chache tu.

Ukilitazama swali lake na "hatujazidi kidogo, nahodha?" yako, utaona ni ndugu. Mdogo anapoona hatari huivika vazi la swali, ili mkubwa akikataa pasiwe na aliyevunjiwa heshima. Baada ya ajali hiyo na nyinginezo, wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliitisha mkutano mwaka 1979, na mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha wadogo kusema kwa ngazi na wakubwa kuwajibu. Ngazi zenyewe unaweza kuzitumia gatini kesho. Taja unachokiona kwa hesabu, bila lawama: "Nahodha, nimehesabu watu 31, jaketi ni 22." Taja kinachoweza kutokea: "Kusi imeanza kuvuma, na kuna watoto wanne wasio na jaketi." Taja unachokiomba: "Naomba tisa wangoje boti inayofuata." Hapo heshima iko palepale, na nahodha hana swali la kulipuuza, ana ombi ambalo lazima alikubali au alikatae mbele ya masikio yake mwenyewe. Usiende peke yako. Tafuta mmoja kati ya wale wa "sema, sema," mkubaliane kwamba ukisema naye atasema, kwa kuwa sauti ya pili ndiyo inayomwondolea wa kwanza sifa ya ukaidi. Kumwambia mwenye boti mbele ya abiria kulimpa nafasi ya kuzungumzia aibu yake badala ya jaketi zako.

Kuhusu sheria, ndiyo, ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumfukuza, kumdhuru au kumbagua mfanyakazi kwa sababu tu amelalamikia jambo analoliona si salama. Inasema pia kwamba mfanyakazi anayeona hatari kubwa iliyo karibu anapaswa kumwarifu msimamizi wake mara moja, na kwamba asilazimishwe kurudi kwenye hatari hiyo mpaka irekebishwe. Sheria ya Ajira nayo, kifungu cha 46, haihesabu malalamiko dhidi ya mwajiri kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, isipokuwa yawe ya ovyo na yasiyo na msingi. Ukiachishwa kabisa, una miezi mitatu ya kupeleka lalamiko kwa afisa wa kazi. Usiimalize kwa kungoja mambo yatulie. Usalama wa vyombo vyenyewe uko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na mlango huo uko wazi hata kwa abiria.

Lakini sheria haiwezi kusema kwa niaba ya mtu asiyekuwa na maandishi. Nunua daftari. Andika kila siku tarehe, safari, idadi ya watu, idadi ya jaketi, uliyemwambia na alichokujibu, pamoja na zamu ulizopewa kabla na baada ya kusema. Uandike usiku uleule, kwa kalamu. Siku zamu sita zinapokuwa mbili, daftari ndilo litakaloonyesha ni juma lipi zilipungua na ni kitu gani kilitangulia. Wenzako wasiokusemesha wasikuumize sana. Hawakuchukii, wanatia maji.

SWALI: Je, ni vizuri kuandika lalamiko bila jina? Mimi ni mwanamke, nafanya kazi ofisini, na ninayetaka kumlalamikia ni mkuu wangu.
Msomaji, Malindi

JIBU: Inategemea ni jambo gani, bibi, nawe hukulitaja, nami nadhani nimelielewa.

Kwa kitu kilichoharibika au utaratibu mbovu, barua isiyo na jina haisaidii sana, kwa sababu hakuna wa kuulizwa maelezo, na siku ya pili watu huanza kulinganisha miandiko badala ya kutengeneza kilichoharibika. Kwa wizi unaofanywa na mkubwa, au kwa mkuu anayekusumbua kwa maneno na matendo ya kutaka mapenzi, kuficha jina mwanzoni ni haki na ni busara, ingawa lalamiko la namna hiyo mara nyingi halifiki mbali mpaka mwenyewe aulizwe.

Ipo njia iliyo katikati. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na waraka wa sera juu ya usumbufu wa kimapenzi, alioutoa baada ya kushauriana na wafanyakazi. Waraka huo lazima ueleze namna ya kumfikishia lalamiko, na useme wazi kwamba jina la mlalamikaji halitatolewa ila pale uchunguzi au hatua za nidhamu zinapolazimu. Kwa hiyo unaweza kusema kwa jina lako huku jina likiwa limehifadhiwa. Omba uonyeshwe waraka huo kwa mtu asiye chini ya mkuu wako. Usipokuwepo, anza barua yako kwa kueleza kwamba haupo.